Simu inasoma 5G ila spidi ya kobe, tatizo liko wapi? Na hiyo 6G ya 2030 tutaiona kweli?

#1 Mzee_wa_Bando
Wakuu habari. Nina dukuduku. Mwezi uliopita nimejichanga nikanunua simu ya 5G, nimeacha hata kubadilisha tairi la nyuma la bodaboda ili niipate. Nakaa Tabata. Nikiwa sebuleni pale juu inasoma 5G imenona kabisa, mistari yote imejaa, nafungua video inazunguka kama pia. Jana saa mbili usiku nikapima spidi ikaja 11 Mbps, yaani megabiti 11 kwa sekunde. Mke wangu ana simu ya 4G kioo kimepasuka, laini ya mtandao huo huo, tumekaa kochi moja, akapima yake ikaja 17. Alicheka mpaka machozi.

Leo asubuhi nasoma kwamba wenzetu washaanza kuandaa 6G, eti 2030 iko sokoni. Swali langu dogo tu, hii 5G niliyonayo ni 5G au wamenibandikia stika? Mtandao siutaji, uzi usije ukafutwa.

#2 Kigugumizi
Nimevuta kiti, wajuzi waje.

#3 Shombo_Kigamboni
Stika mkuu. Enzi za 3G tuliambiwa hivi hivi, ikaja H, ikaja H yenye kijumlisha, herufi zinabadilika video inazunguka vile vile. Alama haina gharama kuiweka.

#4 Fundi_Saiti
Mzee wa Bando, si uongo mtupu na si ukweli mtupu. Mimi hizi ngazi za minara nimezipanda miaka tisa, niseme ninachokijua.

5G nyingi duniani zilianza kwa kuegemea 4G. Yaani simu yako inaingia kwanza kwa 4G, inasalimia huko, inapewa ruhusa huko, halafu ndiyo inaongezewa njia ya 5G pembeni ikihitajika. Moyo wa mtandao unabaki ule ule wa 4G. Sasa alama, simu nyingi zinaiwasha pale tu zinapogundua kwamba mnara wa 4G ulioshikwa *unaweza* kukuunganisha na 5G. Unaweza, sio kwamba umekuunganisha. Kwa hiyo inawezekana kabisa jana mke wako na wewe wote mlikuwa 4G, ila wewe ulikuwa umevaa suti.

Ipo 5G inayojitegemea, yenye moyo wake, ila kuijenga ni pesa nyingine.

#5 Binti_Mkwajuni
"Ulikuwa umevaa suti" 😂😂😂 nimefika mimi

#6 Nyamagana_Juu
Fundi kaongea lakini naona tatizo la mleta uzi ni ukuta. Tuanzie kwenye mnada wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, wa Oktoba 2022, pale yaliuzwa masafa ya mawimbi ya redio ya 700, 2300, 2600 na 3500 MHz. Spidi zile za kutisha zinatoka 3500 kwa sababu huko kampuni inapata kipande kipana, sasa mawimbi ya huko juu ni mafupi, hayapendi tofali wala zege wala hayo madirisha ya alminiamu yenye kioo cheusi.

Fikiria kigodoro mtaa wa tatu. Ukiwa chumbani unasikia besi tu, du du du, kinanda wala sauti ya mwimbaji husikii. Besi ndiyo 700, kinanda ndiyo 3500. Toka nje ya nyumba upime upya halafu njoo hapa.

#7 Fundi_Saiti
Mfano mzuri, ila niweke sawa kidogo, 5G inaweza kukaa hata kwenye 700. Itafika mbali na itapenya ukuta, ila pale kipande ni chembamba, MHz 10 au 20, sasa utapata alama ya 5G na spidi ya 4G. Kwenye 3500 kipande kinaweza kufika MHz 100. Upana wa barabara ndiyo spidi, siyo jina la barabara.

#8 Nyamagana_Juu
Asante kwa kuniweka sawa mkuu, kinanda kinaweza kupigwa kwenye besi. Nimeelewa.

#9 Mlinzi_wa_Zamu
Mnajadili spidi, mmesahau 2020? 5G ndiyo ilileta corona, Ulaya wakaichoma moto minara. Sasa imefika kwenu mnaisifia. Endeleeni tu.

#10 Teacher_Fizikia
Mlinzi, minara kweli ilichomwa, Uingereza, Aprili 2020. Hapo tu ndipo ulipopatia. Bongo corona ilifika Machi 2020, 5G ya kwanza ya biashara hapa ni Vodacom, Septemba 2022. Sasa ugonjwa ulipanda nini kuja, mwendokasi?

Na kwenye mionzi, mawimbi ya 3500 MHz yana masafa ya chini kuliko mwanga wa taa yako ya sebuleni zaidi ya mara laki moja. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili, yakizidi sana yanapasha joto, ndiyo maana viwango vimewekwa na ndiyo maana fundi hasimami mbele ya antena iliyowashwa.

#11 Mlinzi_wa_Zamu
Mwalimu mbona hujasema kwamba shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka mawimbi ya simu kwenye orodha ya vitu vya kansa mwaka 2011? Au hiyo haikuwa kwenye silabasi?

#12 Teacher_Fizikia
Ipo kaka, tena umefanya vizuri kuitaja. Kundi la 2B, maana yake "huenda", ushahidi haujatosha. Kundi hilo hilo lina achali za kiasili za huko Asia. Na waliiweka 2011, wakati 5G haipo, kwa hiyo kama ni kuogopa ungeanza na simu uliyotumia kuandika hii komenti.

#13 Binti_Mkwajuni
Achali?? Mi nakula achali ya embe kila siku na pilau 😭

#14 Mpangaji_Sugu
Mnanikumbusha baba mwenye nyumba wangu. Alitangaza nyumba ina "intaneti ya 5G", kodi ikapanda elfu thelathini kila chumba. Nimehamia, nawasha simu natafuta waifai naona majina mawili, moja la kwake la kawaida na lingine hilo hilo mwishoni limeandikwa 5G. Nikamwambia mzee hii ni gigahezi 5 ya ruta, mawimbi ya waifai ya ndani ya nyumba, haihusiani na kizazi cha tano cha simu hata kidogo. Akaniangalia akasema "si imeandikwa 5G? Soma hapo." Nikasoma. Kodi haikushuka.

#15 Kigugumizi
😂😂😂 "Nikasoma."

#16 Rongai_Kwa_Stage
Wadau mimi niko Kenya, Rongai. Stori yangu iko tofauti kidogo. Niliwekewa ruta ya 5G ya nyumbani, kampuni siitaji, wiki ya kwanza ilikuwa moto, nilikuwa napata 90 kwa kifurushi cha 100, nikaambia kila mtu kwa ploti. Hapo ndipo nilijimaliza. Ploti yetu ina nyumba 24, baada ya miezi mitatu nahesabu ruta nyeupe kwa madirisha kumi na moja. Sahii saa tatu usiku napata 14, saa nane mchana wakiwa job napata 80. Kwa hivyo mzee wa bando, shida si ukuta. Shida ni majirani. Na kama ulipost status ukiwa na simu mpya basi shida ni wewe.

#17 Mzee_wa_Bando
Status nilipost kweli aisee.

#18 Shombo_Kigamboni
Ukuta, majirani, suti. Kesho mtasema ni nyota yake.

#19 Fundi_Saiti
Wa Rongai kaongea kitu. Hewa inagawanywa, mnara mmoja una uwezo wake wote mnaula pamoja. Ila kuna sehemu nyingine watu hawaioni kabisa, nayo ni njia ya kutoka mnarani kwenda kwao. Mtu anatazama antena mpya pale juu, pana kama mlango wa kabati, anasema hiyo ndiyo 5G. Sawa. Sasa chini kuna nini? Kama mnara umechimbiwa faiba, safi. Kama unatumia linki ya maikrowevu, lile sahani la duara linaloangaliana na mnara mwingine, basi kila kitu kinapita kwenye lile sahani. Mna 2G, 3G, 4G na 5G za mtaa mzima zinaingia kwenye mrija mmoja. Unaweza kuweka koki ya dhahabu, bomba likiwa la nusu inchi utaoga kwa kikombe.

Nilishawahi kwenda saiti moja malalamiko yamejaa, mitambo juu mizima, tumebadilisha mpaka nyaya, siku mbili tunahangaika. Kumbe sahani lililegea nati moja, upepo umelisogeza kidogo sana, kwa macho huoni. Mvua ikinyesha ndiyo inazidi. Tukaikaza nati, tukalinyoosha, kimya.

#20 Mchezaji_Usiku
Mimi spidi sina shida nayo, mimi ni pingi, ule muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi. Nacheza gemu na watu, nikiwa 4G napata milisekunde 170, nikahamia 5G nikapata 160. Waliahidi milisekunde 1! Iko wapi?

#21 Teacher_Fizikia
Milisekunde 1 ni ya hewani, kati ya simu na mnara, tena kwenye mazingira yaliyopangwa vizuri. Seva ya gemu lako iko wapi? Kama iko Ulaya piga hesabu mwenyewe: ndani ya nyuzi za faiba mwanga unakwenda kama km 200,000 kwa sekunde. Tuseme kebo ya km 10,000, kwenda na kurudi 20,000, hiyo ni milisekunde 100 tayari, na hapo hujagusa foleni ya ruta hata moja njiani. Hata waje na 9G, bahari hawataifupisha. Lete seva Dar au Nairobi, pingi itashuka na simu hiyo hiyo.

#22 Upanga_Mpya
Hapo kwenye bahari ndipo mimi nilikuwa nakuja. Mnakumbuka Mei 2024? Jumapili tarehe 12, kebo za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika zote upande wa Afrika Kusini, Tanzania, Kenya, Uganda tukabaki tunatazamana. Ofisini kwetu bosi alikuwa anamfokea kijana wa kompyuta kana kwamba yeye ndiye kazikata. Na Februari mwaka huo huo kebo za Bahari ya Shamu nazo zilikuwa zimekatwa na nanga ya meli. Kwa hiyo mtu analaumu mnara wa Tabata kumbe tatizo liko baharini.

#23 Fundi_Saiti
Ndiyo lakini kebo ikikatika wote mnalala, 4G na 5G. Haielezi kwa nini mke kampita mume kwenye kochi moja.

#24 Upanga_Mpya
Hilo la mke kumpita mume waulizwe wazee 😄

#25 Kumbukumbu_za_Tritel
Vijana mimi nilikuwepo. Simu ya kwanza ya mkononi niliyoishika, kuongea dakika moja ilikuwa ni uamuzi wa familia. Nimeviona vizazi vyote na nawaambia hili jina la "G" limekuwa la biashara siku zote. Mwaka 2008 hawa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, waliweka masharti ya 4G, na hii LTE tunayoiita 4G ilikuwa haijayafikia. Makampuni yalishaitangaza, mabango yapo barabarani. Desemba 2010 ITU wakalegeza, wakasema haya, hii nayo inaweza kuitwa 4G. Kwa hiyo hata suti ya mke ni ya kuazima.

#26 Kaka_wa_Guangzhou
Mzee uko vizuri. Ila 5G Wachina ndio walianza 2018, mimi nilikuwepo Guangzhou.

#27 Kumbukumbu_za_Tritel
Hapana kijana. Majaribio yalikuwepo kila mahali. Ya kuuzia watu simu, Korea Kusini, tarehe 3 Aprili 2019, tena waliwasha saa tano usiku. Walikuwa wamepanga siku ya mbele wakasikia Wamarekani wanataka kuwatangulia, wakawasha usiku usiku. China ilifuata mwishoni mwa 2019.

Na hao hao Wakorea, mwaka 2023 mamlaka yao ya ushindani ilizitoza faini kampuni zao tatu za simu, kwa kutangaza kwamba 5G yao inafika 20 Gbps wakati wateja walikuwa wanapata chini ya 1. Korea, wenye kila kitu. Sasa wewe wa Tabata.

#28 Kaka_wa_Guangzhou
Nimekubali mzee, nilichanganya na maonyesho.

#29 Binti_Mkwajuni
Kwa hiyo kumbe hata Korea wanavalishwa suti.

#30 Maskati_Baada_ya_Alasiri
Assalaam alaykum. Niko Maskati, kazi yangu iko karibu na haya mambo. Nawaongezeeni sababu nyingine ambayo sijaiona hapa, nayo ni hewa yenyewe. Huku Ghuba wakati wa joto, mvuke wa bahari unafanya tabaka kama bomba juu ya maji, mawimbi ya simu yanaingia humo yanasafiri mamia ya kilomita wakati yalitakiwa yafe karibu. Sasa hii 5G ya 3500 inatuma na kusikiliza kwa zamu kwenye masafa hayo hayo, mnara wa mbali unatuma, sauti yake inachelewa kufika kwako, inafika wakati mnara wako umenyamaza unasikiliza simu za watu. Unasikia kelele za mwenzio badala ya mteja wako. Mtambo mzima, mnara mzima, na spidi ya kupandisha, yaani ya kutuma kutoka kwenye simu, imekufa. Asubuhi jua likikaa sawa inaondoka yenyewe, fundi akija hakuti kitu.

#31 Fundi_Saiti
Shehe hiyo nilifundishwa kwenye kozi, sijawahi kuiona kwa macho. Kwa Dar pwani sijui kama... Tabata iko ndani kidogo. Ila joto la Februari na unyevu ule, siikatai.

#32 Shombo_Kigamboni
Sasa imefika mvuke. Niliwaambia bado nyota.

#33 Liwale_Mjini_Kwetu
Nyie wa mjini mna maringo. Sisi kijijini kwetu mpaka mwaka jana ukitaka kupiga simu kuna mkorosho mmoja, una tawi limelainika kwa kukaliwa. Ukifika unakuta foleni, mwenye dharura anapewa nafasi. Mtu anatuma pesa kwa kitochi kwa *150, anashikilia juu, anasubiri ujumbe, akishuka ndiyo anausoma. Serikali ilisaini mikataba ya minara 758 vijijini mwaka 2023 kupitia ule Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na mmoja umetufikia, nashukuru. Sasa mkorosho umepumzika. Ila mkisema 6G mimi nauliza, je 2G wataizima? Maana mama yangu simu yake ni tochi, betri siku tano, na huo ndio mtandao wake, ndiyo benki yake.

#34 Maskati_Baada_ya_Alasiri
Ndugu wa Liwale, huku walianza na 3G, walianza kuizima 2024, 2G ikaachwa. Nafikiri ndivyo wengi watafanya, 3G ndiyo mtoto wa kati, hana wa kumtetea. 2G ina mashine za malipo, vifaa vya kufuatilia magari, mita, na kina mama.

#35 Mtoto_wa_Kati
Nimelipokea hilo kama shambulio binafsi.

#36 Birere_Goma
Jambo bandugu. Miye niko Goma karibu na mupaka. Siye huku tuko na namna ingine: rezo, ni kusema mtandao, ya kwetu ikilala, watu wanaenda ku mupaka wanakamata ya Rwanda, ukiwa na laini ya Gisenyi kwa mufuko unapona. Kwa hiyo musiseme tu mnara wa kwenu. Pengine dawa ni mnara wa jirani.

#37 Mzee_wa_Bando
Karibu sana Goma. Mimi jirani yangu ni Kimara, hata maji hawatupi.

#38 Mchambuzi_Kahawa
Wakuu turudi kwenye nusu ya pili ya swali maana imesahaulika. 6G jina lake la kiserikali ni IMT-2030, ITU walipitisha mfumo wake wa malengo Novemba 2023. Mfumo wa malengo, sio mtambo. Viwango vyenyewe vinaandikwa na 3GPP, muungano wa kimataifa wa viwango vya simu, na bado. Na masafa yatagombaniwa kwenye mkutano wa dunia wa redio mwaka 2027 huko Shanghai, nchi zote zinakwenda na sisi pia tutakuwepo.

Angalieni mfululizo. 2G Finland 1991, 3G Japani 2001, 4G Stockholm na Oslo 2009, 5G Korea 2019. Kila miaka kumi hivi. Kwa hiyo 2030 haikutoka kwenye uhitaji wa mtu yeyote, imetoka kwenye kalenda.

#39 Teacher_Fizikia
Kalenda na ushindani. Ila kuna mambo mapya kweli humo. Moja ni mtandao kutumika kama rada, mnara unahisi vitu vinavyopita, gari, ndege isiyo na rubani, kwa kusoma jinsi mawimbi yanavyorudi. Lingine ni kuunganisha setilaiti na minara, simu ya kawaida iongee na setilaiti moja kwa moja pale mnara haupo. Ndugu yangu wa Liwale, hapo ndipo 6G inaweza kukufaa wewe kuliko mtu wa Masaki.

#40 Liwale_Mjini_Kwetu
Setilaiti inaona chini ya mkorosho?

#41 Teacher_Fizikia
😂 Hapana, itabidi utoke chini ya mkorosho.

#42 Fundi_Saiti
Mimi kwenye 6G nina wasiwasi mmoja tu, umeme. Mtambo wa 5G wa antena 64 unakula umeme kuliko wa 4G, huo ni ukweli wa kila siku kazini. Wengine wanaweka programu ya kuzima 5G usiku wa manane watu wakilala, inarudi asubuhi. Kuna saiti jenereta linakunywa dizeli, betri zinaibiwa, tunafika tunakuta kabati limefunguliwa kistaarabu kabisa, nati zimepangwa pembeni. Sasa ongezeni mitambo ya masafa ya juu zaidi, ina maana minara ya karibu karibu zaidi. Nani analipa bili? Wewe na bando lako.

#43 Mchambuzi_Kahawa
Ndiyo maana kwa mtazamo wangu Afrika tungeiruka 6G ya mwanzo, tuenee 4G kila kata, simu za 4G ziwe bei ya debe la mahindi.

#44 Kaka_wa_Guangzhou
Sikubaliani mkuu. Mawazo hayo hayo ndiyo yalisemwa kwenye 4G kwamba tutosheke na 3G, leo nyie mnaongea hapa kwa nini? Wanaochelewa wananunua mitumba. Tena kuhusu simu ya mleta uzi, umeinunua dukani au ya mkononi? Maana kuna simu zinatoka nje zina 5G ya masafa ya huko, nyingine zinashika masafa yetu ila programu yake haijaruhusiwa kwa mtandao wa hapa. Na laini yako ni ya lini? Laini ya zamani sana inaweza isikupeleke hata 4G.

#45 Mzee_wa_Bando
Ya mkononi, Kariakoo, ila kijana aliniapia kwa mama yake. Laini nilibadilisha wakati ule wa alama za vidole.

Sasa wakuu nimefanya mlivyosema, matokeo haya hapa, yote simu hiyo hiyo:
Sebuleni saa mbili usiku, 11 (ile ya juzi).
Uani karibu na simtanki saa mbili usiku, 23.
Uani saa nane mchana, 94.
Dirishani saa kumi alfajiri, kioo wazi, 286. Nilidhani nimesoma vibaya nikapima tena, 271.
Simu ya mke saa kumi alfajiri, hapo hapo dirishani, 41. Aliamka kaniuliza nafanya nini gizani, nikamwambia nafanya utafiti.

Baada ya hapo nikapata ujumbe kwamba bando langu la GB 2 limekwisha. Lote.

#46 Teacher_Fizikia
Megabiti 286 kwa sekunde, kipimo kinakwenda kama sekunde 15, hiyo ni megabaiti zaidi ya 500 kwa kubonyeza mara moja. Umebonyeza mbili. Ongeza cha kupandisha, ongeza za mchana. Umeteketeza bando kwa kulipima.

#47 Nyamagana_Juu
Sebuleni 11 uani 23, nilisema ukuta.

#48 Rongai_Kwa_Stage
Mchana 94 usiku 23 mahali pamoja, nilisema majirani.

#49 Fundi_Saiti
Alfajiri 286, kumbe mnara wenu hauzimwi usiku, nimefurahi. Ila haijaondoa hoja ya mrija, mrija nao saa kumi ni mweupe.

#50 Maskati_Baada_ya_Alasiri
Na upande wa kupandisha ulipata ngapi? Hujaandika. Mvuke unaonekana hapo.

#51 Mzee_wa_Bando
Shehe kupandisha sikuangalia, na sasa hivi sina bando la kuangalia. Hapa naandika kwa hotspoti ya mke.

#52 Shombo_Kigamboni
Ya 4G?

#53 Mzee_wa_Bando
Ya 4G.

#54 Mpangaji_Sugu
Mkuu hiyo simu kama unaiuza niambie, baba mwenye nyumba anatafuta kitu kimeandikwa 5G.